Ongeza Saa Tatu

Kondo aliijua Ayutthaya kuliko baadhi ya waliozaliwa huko, na hakuwahi kuikanyaga hata kwa unyayo mmoja. Ungemwamsha usingizini angekuambia kwamba mji huo wa kale wa Thailand umezungukwa na mito mitatu hata ukawa kisiwa, kwamba wafalme walikaa pale miaka mia nne na ushee, na kwamba majeshi ya Burma yaliuchoma mwaka 1767. Angekuambia ufunike mabega na magoti ukiingia hekaluni. Angekuambia habari ya kichwa cha Budha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, na kwamba anayetaka kupigwa picha pale sharti achutame, kichwa chake kiwe chini ya kile cha jiwe. Haya aliyasema mara thelathini kwa siku, akiwa ameketi ghorofa ya tatu katika eneo huru la biashara la uwanja wa ndege wa Dubai, mgongo wake ukielekea dirishani.

Kampuni iliwauzia watu wa Ghuba safari za Thailand, na Kondo alikuwa mmoja wa wanne waliopokea simu za wageni. Mgeni aliyekwama kule alipiga namba ya Bangkok iliyoandikwa kwenye kipeperushi, simu ikavuka bahari kwa intaneti na kumwangukia Kondo sikioni. Hapo hakuwa Kondo tena, alikuwa Ken. Msimamizi wao, Stephen, Mhindi wa Kerala, alikuwa ameamua kwamba wateja watamwamini Ken upesi zaidi. Na mteja akiuliza, "Wewe mwenyewe umefika huko?" Ken alijibu bila kumeza mate: "Mwezi uliopita tu, sir. Pazuri ajabu."

Uongo wa kazini una mshahara wake, na mtu anaweza kuusamehe. Kosa la Kondo ni kwamba aliubeba akaenda nao kwa mkewe.

Mwaka uliotangulia kampuni ilitangaza kwamba itampeleka mfanyakazi mmoja Ayutthaya kwa wiki nzima, akauone mji anaousimulia. Kondo alikuwa na hakika ni yeye. Alikuwa na hakika kiasi kwamba alimwambia Joha kabla jina halijatoka, na Joha akawapigia simu Tanga, na Tanga yote ikajua. Jina likatoka: Mercyline, Mkenya wa Kisii aliyeketi meza ya pili. Kondo aliona haya mpaka akashindwa kula. Wiki ya safari ile aliizima simu yake, akawa anatoka kazini kwenda moja kwa moja chumbani kwake Muhaisnah, wanaume sita chumba kimoja, analala. Ijumaa iliyofuata alimpelekea mkewe kitembo cha kuning'iniza funguo, alichokinunua sokoni Deira, hapo hapo Dubai, akasema, "Zawadi ya Thailand hiyo." Joha alikishika kwa mikono miwili.

Joha alikuwa mtumishi wa ndani Mirdif, kwenye nyumba ya bwana mmoja aitwaye Musallam, mwenye mke na watoto watatu. Wakala aliyemleta alimwonya mapema: nyumba hizi hazitaki mtumishi mwenye mume karibu, zinaogopa atatoroka. Basi Joha alisema mumewe yuko Tanga analea mtoto. Mtoto ndiye aliyekuwa Tanga, Mwanaidi, binti wa miaka sita, kwa bibi yake. Mume alikuwa umbali wa dakika ishirini kwa gari, na walionana Ijumaa mbili kwa mwezi katika bustani ya Mushrif, wameketi juu ya khanga, Kondo akimsimulia mahekalu.

Joha alipenda kusimuliwa. Alimwuliza mizizi ile ina unene gani, na uso wa jiwe unacheka au umenuna. Kondo alimjibu yote, na pale alipokuwa hajui alitunga. Mkononi Joha alikuwa na saa ndogo aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na tangu atue Dubai hakuisogeza mshale. Ilikuwa inasoma saa za Tanga. "Nikiiangalia najua sasa hivi Mwanaidi anavaa viatu, sasa hivi anakula," alisema. Akitaka saa ya Dubai aliongeza moja kichwani, na miaka mitatu hakuwahi kukosea.

Basi Desemba ya 2006, shule zilipofungwa, Madam, mke wa Musallam, akaanza kusema habari za kusafiri. Joha alikiacha kipeperushi cha mumewe juu ya meza ya sebuleni kama kitu kilichodondoka. Madam akakiona, akapiga simu, na kwa bahati, au kwa balaa, ikapokewa na Ken.

Ratiba ya familia ile Kondo aliiandika kwa mkono wa mpenzi. Siku nne Bangkok, ya tano Ayutthaya, jioni yake uwanja wa ndege na kurudi. Siku ya Ayutthaya, saa saba mpaka saa nane mchana, aliwapangia watoto na wazazi kupanda tembo, na tiketi za tembo akazikata tano tu. Kisha akaandika: watumishi watakuwa na muda huru, wakutane na familia saa nane kamili penye lango la hekalu la kichwa cha Budha. Miaka mitatu Joha hakuwahi kupata saa moja yake katikati ya siku, bila mtoto begani wala madam kuita. Kondo hakuwa na dhahabu ya kumpa. Alimpa saa moja.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari, Mushrif, alimpa na kipeperushi kingine akitie mkobani. Vipeperushi vile vilikuwa vya zamani, vina mambo mawili matatu yaliyopitwa na wakati, na Stephen alikuwa amewaagiza wabandike karatasi mpya juu yake badala ya kuchapisha vingine. Walibandika maboksi kumi wakachoka. Cha Joha kilitoka boksi la kumi na moja.

"Na saa za huko?" Joha aliuliza.

"Ongeza saa tatu," Kondo alisema. Aliisema kama anavyowaambia wateja wote, bila hata kufikiri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tangu asubuhi Kondo alikuwa na furaha ya kijinga, anapokea simu huku akitabasamu ukutani. Saa tano ilipogonga Dubai, alijua kule ni saa nane mchana, na Joha sasa amesimama langoni na familia ya Musallam, ameona alichokiona. Alitamani Ijumaa ifike upesi wasimuliane, safari hii yeye ndiye asikilize.

Saa sita na robo Mercyline akamgeukia, ameziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Kondo, kuna mama hapa kwa line yangu anauliza Baba Mwanaidi. Si ni wewe?"

 Kondo akaivuta simu kwenye meza yake.

"Baba Mwanaidi, ni mimi," sauti ya Joha ilikuwa juu, ya mtu anayejizuia kulia. "Siwaoni. Gari halipo, Madam hayupo, watoto hawapo. Nimefika langoni saa nane kamili kama walivyosema, hakuna mtu."

"Saa nane ipi? Sasa hivi huko ni saa tisa na robo."

"Hapana. Nimeangalia saa yangu vizuri. Ilipofika tano, nikaongeza tatu, nikajua ni nane. Nimekaa nimewasubiri robo saa."

Kondo aliyafumba macho. Saa ya Tanga. Tatu ni kutoka Dubai. Kutoka Tanga ni nne. Siku nne za mwanzo Joha hakuihitaji saa, watoto wakiamka naye kaamka, wakilala kalala. Saa hii ndiyo ya kwanza kuihesabu mwenyewe, na aliihesabu kwa maneno ya mumewe.

"Si kosa lako," alimwambia. "Sikiliza, si kosa lako. Unapiga kwa simu ya nani?"

"Kuna mama mwenye hijabu anauza roti, vichapati vya kuviringishia pipi ya nyuzi. Nilimwona nikamwamkia assalamu alaykum, akaitika. Hasikii neno lingine langu wala mimi lake. Nikamwonyesha namba kwenye karatasi yako akanipa simu."

"Kaa hapo hapo kwake. Usisogee. Nipigie tena baada ya dakika kumi."

Pasipoti ya Joha ilikuwa mfukoni mwa Musallam. Ndege yao ilikuwa inaondoka saa tatu usiku kwa saa za kule. Familia ikipanda bila yeye, Joha atabaki nchi ya watu hana hata karatasi ya kumtambulisha, na Dubai ataandikiwa kuwa katoroka, viza ifutwe, asirudi tena. Kondo aliyajua haya kama kila mtu wa Muhaisnah na Mirdif anavyoyajua. Alilifungua faili la safari akaipiga namba ya Musallam.

"Sir, hapa ni Ken, wa huduma ya wageni. Tumepata simu kuhusu mtumishi wako."

"Ameonekana?" Sauti ya Musallam ilikuwa na uchovu zaidi ya hasira. Nyuma yake mtoto alikuwa analia anamwita Joha kwa jina. "Tumemngoja dakika arobaini juani. Tumezunguka hekalu zima, mke wangu amepita akiita. Dereva akasema tukikaa zaidi tutakwama kwenye foleni ya magari. Yuko wapi?"

"Yuko langoni, sir. Alikosea saa. Mnaweza kugeuza?"

"Tumeshafika nusu ya njia ya Bangkok. Nina watoto watatu hapa, Ken. Wewe niambie, mtu anakoseaje saa? Rafiki yangu alimpeleka mtumishi wake Kuala Lumpur, akaomba kwenda chooni, mpaka leo hajarudi."

Hapo ndipo Kondo angeweza kusema. Angeweza kusema: anavaa saa ya kwao kwa sababu ya mtoto, najua kwa sababu mtoto ni wangu. Maneno yalifika kooni. Lakini alijiona kwa macho ya Musallam: mume aliyefichwa, ndiye aliyeandika ratiba, ndiye aliyeweka ile saa moja ya mapumziko, na mke katika saa ile ile hakuonekana. Hata yeye Kondo angekuwa hakimu angewafunga wote wawili. Akayameza.

"Nitamwelekeza aje uwanja wa ndege mwenyewe, sir."

"Kaunta inafungwa saa mbili usiku. Pasipoti ninayo mfukoni. Akifika tutasahau, inshallah. Asipofika, nikitua tu nakwenda uhamiaji kumripoti, maana mimi ndiye kafeel, mdhamini wake, nitaulizwa mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Kondo angependa awe mbaya, angalau angepata wa kumchukia.

Joha alipopiga tena, mumewe alikuwa tayari, na ilikuwa ajabu jinsi alivyotulia. Hii ndiyo kazi yake. Miaka mitatu amewatoa watu Ayutthaya salama salimini. Alianza kusema na maneno yakatiririka yenyewe, mfululizo, kama sala iliyohifadhiwa tangu chuoni.

"Ukitoka langoni shika barabara ya kuelekea mashariki mpaka mtoni. Dakika kumi kwa miguu. Utaona kivuko kidogo cha mbao, panda, ng'ambo ndiko stesheni. Kata tiketi ya daraja la tatu, nauli ni ndogo, ile pesa Madam aliyokupa ya chakula inatosha na kubaki. Treni yoyote inayokwenda Bangkok. Lakini usifike mjini. Shuka Don Muang. Stesheni inatazamana na uwanja wa ndege, kuna daraja la kuvukia juu ya barabara, ukivuka umeingia ndani."

"Don Muang," Joha alirudia. "Daraja, ndani."

"Rudia yote."

Aliyarudia yote, hakuacha hata kivuko. Alikuwa na kichwa kizuri, Joha.

"Nimekiona kile kichwa," akasema mwishoni, sauti imelainika kidogo. "Nimechutama kama ulivyosema. Hakichekei mtu wala hakijanuna. Ulisema kinacheka."

"Nenda sasa, mke wangu. Haraka."

Simu ikakatika. Kondo alikaa amelowa jasho ndani ya ofisi yenye baridi ya kiyoyozi. Alihesabu: saa kumi kuna treni, saa kumi na moja na nusu yuko Don Muang, saa mbili na nusu nzima za akiba. Mercyline alimsukumia kikombe cha chai.

"Aki pole. Huyo ni bibi yako, ama?"

"Ni mke wangu."

"Na yuko kwa hiyo tour ya watu wa Mirdif? Wewe Kondo, mbona husemi kitu? Kunywa chai. Atafika, Mungu ni mwema."

Akanywa. Akapokea simu za watu wengine. Mmoja alitaka kujua kama tembo wanauma. Mmoja alitaka mkahawa wa halali. Ken aliwajibu wote kwa upole, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani.

Ilikuwa karibu saa tisa za Dubai aliposikia Mercyline, meza ya pili, akimweleza mteja kwa ile sauti yake ya simu: "Hapana, madam, si Don Muang tena. Pale pamefungwa. Tangu mwisho wa Septemba ndege zote ziko uwanja mpya, Suvarnabhumi, upande mwingine kabisa wa jiji. Treni haifiki kule. Chukua teksi, na utoke mapema."

Kondo aliyasikia maneno yale na kwa muda hayakuwa na maana yoyote. Kisha yakawa nayo.

Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye na linamtafuna mpaka leo. Alikuwa anajua vizuri sana kwamba uwanja umehama, miezi mitatu amekuwa akiwaambia wateja, mkono wake mwenyewe ulibandika karatasi kwenye maboksi yale. Lakini miaka mitatu ya Don Muang ilikuwa imekaa mdomoni, na siku ya hofu mdomo ulisema wenyewe. Amemtuma mkewe kwenye uwanja mtupu.

Akaipiga namba ya mama wa roti, ilikuwa imebaki kwenye kioo cha kompyuta. Yule mama akapokea, "Assalamu alaykum." Kondo akasema Joha, Joha yuko wapi. "Joha, Joha," mama akaitika kwa furaha, akaendelea kwa Kithai maneno mengi ya upole. Pengine alisema amemsindikiza mpaka kivukoni. Pengine alisema amempa roti za njiani. Kondo hakuelewa hata moja, na yule mama alipocheka, yeye aliinamisha paji la uso mezani.

Akapiga stesheni ya Ayutthaya. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita ikakata. Akaenda kwa Stephen akasimama mbele ya meza yake, akaeleza kwamba kuna mgeni wao yuko kwenye treni na anahitaji gari limpokee Don Muang limkimbize uwanja mpya.

Stephen alitazama faili. "Huyu si mgeni. Kwenye tiketi ni mtumishi wa mteja. Mteja mwenyewe ameagiza gari?"

"Hapana."

"Basi nitaliagizaje, Kondo? Atalilipia nani? Mpigie mteja akubali, nami naagiza sasa hivi, wallahi, dakika mbili."

Kondo akampigia mteja. Simu ya Musallam ilikuwa imezimwa. Alipiga saa tisa na nusu, akapiga kumi kasorobo, akapiga kumi. Alikuwa amesimama, hawezi kukaa. Mercyline alikuwa anapokea simu zake na za Kondo. Nje ya dirisha ndege ziliruka moja baada ya nyingine, na Kondo, aliyekaa miaka mitatu amelipa mgongo dirisha lile, sasa alikuwa amelielekea.

Saa kumi na dakika ishirini Musallam akapokea. Kule ilikuwa saa moja na dakika ishirini usiku.

"Simu ilikuwa imeisha chaji," alisema. "Tuko kaunta. Yuko wapi mtu wako?"

"Sir, amekwenda uwanja wa zamani. Nimemwelekeza vibaya. Ni kosa langu mimi, si lake. Nakuomba ukubali tumpelekee gari, na kama hatawahi, nakuomba uiache pasipoti kaunta."

"Wewe ndiye kampuni ya safari na hujui ndege zinaruka wapi?"

Kondo alishika ukingo wa meza. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

"Sir, mimi siitwi Ken. Naitwa Kondo. Joha ni mke wangu. Hakutoroka. Anavaa saa ya nyumbani kwetu kwa ajili ya mtoto, ndiyo sababu akakosea. Mwamini, tafadhali, mwamini."

 Alisikia tangazo la uwanjani, na kengele ndogo.

"Mumewe yuko Afrika," Musallam akasema polepole. "Alituambia hivyo siku ya kwanza."

"Niko Dubai, sir. Aliogopa kusema."

"Na ratiba hii umeiandika wewe."

"Ndiyo, sir."

"Na ile saa moja ya mapumziko. Uliiweka wewe."

"Ndiyo, sir. Nilitaka tu apate..."

"Khalas," Musallam alisema. Hakupaza sauti. "Khalas, nimeelewa. Na sisi tulikuwa tunamwita dada wa watoto."

Akakata. Kondo alipiga tena mara tatu, na mara ya nne simu ilikuwa imezimwa, safari hii si kwa chaji. Ukweli alioufungia miaka mitatu alikuwa ameutoa wote, mzima mzima, na ulifanya kazi ile ile ambayo uongo ungefanya.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi na tano, simu ikaingia kwenye meza yake, namba ya Bangkok, sauti ya sarafu zikidondoka ndani ya simu ya umma.

"Baba Mwanaidi, nimefika." Alikuwa anahema, na alikuwa na furaha. "Zile dakika kumi zako za mpaka mtoni ni nusu saa, treni ya kwanza nikaiona inaondoka nikiwa bado kwenye kivuko. Ya pili imechelewa, imesimama porini muda mrefu. Lakini nimefika. Nimeshuka Don Muang, nimevuka daraja, yote kama ulivyosema."

Kondo alitazama saa ya ukutani.

"Ila hapa hapana watu," Joha aliendelea. "Taa nyingine zimezimwa. Viti vimepangwa vimefungwa kamba. Kuna mlinzi mmoja, namwonyesha karatasi ya safari anatikisa kichwa. Nadhani nimeingilia upande wa nyuma. Wewe ulipokuja ulipitia mlango gani?"

Kulikuwa na mlango wa kutunga. Angeweza kusema zunguka kulia, shuka ngazi, uliza mbele. Alikuwa amemtungia uso wa jiwe unaocheka, angeshindwa mlango? Mdomo wake hata ulifunguka.

"Sijafika huko, Joha," alisema. "Sijawahi kufika. Ile wiki nilikuwa nimelala Muhaisnah. Ndege hazipo hapo tena, zimehamishwa uwanja mwingine, mbali. Nilikuwa najua, nikakosea."

 Kondo alisikia ufagio ukiburuzwa kwenye sakafu kubwa, kule, mbali naye kuliko kitu chochote duniani.

"Na huyu tembo wa funguo?" Joha aliuliza taratibu.

"Nilimnunua Deira."

Sarafu moja ikadondoka. Kondo alingoja alaaniwe. Angeshukuru.

"Sasa nani anaijua njia?" Joha akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu alikuwa na sarafu chache na usiku ulikuwa umeingia.

Kondo akavua vile visikizio masikioni. Akavuka hatua mbili mpaka meza ya pili, waya ukinyooka nyuma yake, akamvalisha Mercyline kama mtu anayemvalisha mgonjwa.

"Ongea naye wewe," alisema. "Wewe ulifika."

Mercyline alimtazama usoni mara moja, kisha akamgeuzia bega, akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Dada Joha, mimi naitwa Mercyline. Usilie, niko na wewe. Hebu niambie, mbele yako unaona nini?"

Swali lile Kondo hakuwahi kumwuliza mtu yeyote, miaka mitatu, si mteja wala mkewe. Alisimama pale mikono mitupu akimtazama Mercyline akitikisa kichwa, akisema ndiyo, akisema hapana, akiandika kitu kwenye karatasi. Saa ya ukutani ilifika kumi na moja kamili, saa mbili usiku kule, saa ya kaunta kufungwa. Jibu la Joha lilikuwa kwenye masikio ya mtu mwingine, na yeye hakulisikia.